Anayekoroma ndiye wa mwisho kujua

KATIKA vyumba vya kupanga vya Kayole, Umoja na Pipeline, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, usiku hauna siri. Ukuta unaomtenganisha mpangaji na mpangaji mwenzake ni mwembamba, dirisha hutazamana na dirisha, na kikohozi cha mtoto wa orofa ya tatu husikika hadi orofa ya tano.

Humo ndimo mwenye kukoroma hutambulika kabla ya kujitambua. Majirani humtania asubuhi kwenye foleni ya maji kwamba kuna trekta lililolima usiku kucha. Naye hucheka pamoja nao, kwani wengi huamini kuwa kukoroma ni dalili ya mtu aliyeshiba, akachoka, akalala fofofo.

Anayelala kando yake ndiye asiyecheka. Yeye amesikia jambo ambalo majirani hawakulisikia. Mkoromo hunyamaza ghafla, kimya kikatanda kwa sekunde 10, 20 au hata 30, kisha mlalaji hushtuka kwa kishindo na kuvuta pumzi kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Mkoromo huanza upya. Baada ya muda mfupi, kimya hurejea.

Kimya hicho ndicho ugonjwa wenyewe. Madaktari huuita apnia ya usingizi, yaani kukatika kwa pumzi mtu akiwa amelala. Kwa maumbile yake, ni ugonjwa ambao mwenye kuugua hawezi kuwa shahidi wake. Ndiyo maana wengi huufahamu wakiwa wamechelewa, na ndiyo maana kuishi nao, hasa katika nyumba za Eastlands, si kazi ya mgonjwa peke yake.

PUMZI INAPOKATIKA

Binadamu anapolala, misuli ya mwili hulegea, ikiwemo ile inayoshikilia ulimi na kuta za koo. Kwa wengi wetu njia ya hewa hubaki wazi. Kwa wengine, hususan wenye shingo nene, taya dogo, tezi kubwa za koo au pua inayoziba mara kwa mara, njia hiyo hubanwa.

Hewa ikipita kwa shida, nyama laini za kooni hutikisika, na huko ndiko kukoroma. Njia ikijifunga kabisa, kifua huendelea kupanda na kushuka ilhali hakuna hewa inayoingia. Oksijeni hupungua katika damu. Ubongo nao hushtuka, mwili ukamwaga homoni za dharura, moyo ukaenda mbio, misuli ya koo ikakaza na njia ikafunguka.

Haya yote huchukua sekunde chache, na mlalaji hayakumbuki kamwe. Lakini hurudiwa tena na tena hadi kunapokucha.

Wataalamu huhesabu tukio moja kila pumzi inapokatika, au kupungua sana, kwa muda wa sekunde 10 au zaidi. Mtu mzima anayepata matukio 5 hadi 14 kwa saa huhesabiwa kuwa na ugonjwa hafifu. Kati ya 15 na 29 ni ugonjwa wa wastani, na 30 kwenda juu ni ugonjwa mkali. Hesabu yenyewe si ngumu: mwenye matukio 30 kwa saa, akilala kwa saa saba, huwa amekatizwa usingizi mara 210. Asubuhi akiulizwa atajibu kwamba alilala vyema.

Ugonjwa huu si mgeni duniani. Mwandishi Mwingereza Charles Dickens, katika riwaya yake ya The Pickwick Papers iliyochapishwa kati ya 1836 na 1837, alimchora kijana mnene aitwaye Joe ambaye husinzia hata akiwa kazini. Hata hivyo, ilikuwa hadi 1965 ambapo madaktari barani Ulaya, wakiwapima watu usingizini, walieleza namna pumzi inavyokatika. Mwaka wa 1981, Profesa Colin Sullivan na wenzake jijini Sydney, Australia, wakatangaza tiba ya mashine ambayo hadi leo ndiyo tegemeo kuu.

Makadirio yaliyochapishwa mwaka wa 2019 katika jarida la kitabibu la Lancet Respiratory Medicine yanaonyesha kuwa watu wapatao milioni 936 wa umri wa miaka 30 hadi 69 wana ugonjwa huu kote duniani. Wengi wao hawajui.

Hapa Kenya, utafiti uliofanyiwa wagonjwa wa kisukari katika Hospitali Kuu ya Kenyatta na kuchapishwa 2017 ulibaini kuwa zaidi ya nusu yao walikuwa na usingizi mbovu. Aidha, takriban watu 44 kati ya kila 100 walionekana kuwa katika hatari kubwa ya kuwa na apnia ya usingizi. Hawa walikuwa watu waliokuwa tayari wakihudhuria kliniki, wakipimwa sukari na kupewa dawa. Sembuse wale ambao hawajawahi kumwona daktari?

HUYU SI MVIVU

Tatizo la kwanza katika Eastlands ni kwamba uchovu haushangazi mtu. Mchuuzi wa mboga huondoka nyumbani usiku wa manane kwenda Marikiti. Muuza mitumba hutaka kuwa Gikomba kabla ya jua kuchomoza. Kibarua wa Industrial Area hutoka zamu ya usiku akipishana na watoto wanaokwenda shule. Utingo wa matatu huamka saa kumi za alfajiri na kurejea saa nne za usiku.

Zaidi ya hayo kuna kelele. Kanuni za kudhibiti kelele zilizotangazwa 2009 zinataka sauti katika maeneo ya makazi isizidi desibeli 35 usiku. Mkazi anayelala juu ya baa, au mkabala na mahali pa ibada penye vipaza sauti, anajua jinsi kanuni hizo zinavyoheshimiwa.

Basi mtu akisinzia ndani ya matatu kwenye Barabara ya Jogoo, nani atadhani ni mgonjwa?

Tofauti ipo. Aliyechoka kwa kukosa muda wa kulala hupata nafuu akipumzika siku mbili tatu. Mwenye apnia hulala saa nane au tisa na kuamka akiwa mchovu vilevile. Likizo haimsaidii. Husinzia akisoma gazeti, akisikiliza mahubiri, akizungumza na mgeni, na baya zaidi, akiwa ameshika usukani.

Dalili nyingine ni kuumwa na kichwa asubuhi, mdomo kukauka, kwenda haja ndogo mara nyingi usiku, kusahausahau, hasira za karibu na kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa. Iwapo shinikizo la damu linakataa kushuka licha ya mgonjwa kumeza dawa kadhaa bila kukosa, daktari ana sababu ya kuuliza jinsi anavyolala.

Wapo wanaosema kwamba mtu wa namna hii hukabwa na jinamizi, na wengine hukimbilia kwa waganga au kwenye maombi ya usiku. Lakini anayekabwa na jinamizi huwa macho. Hutaka kupiga mayowe na kuinua mkono, mwili ukakataa, na asubuhi husimulia hofu yake yote. Mwenye apnia hana la kusimulia. Simulizi ni ya mwenzake.

Wanawake nao husahaulika. Picha iliyozoeleka ya mgonjwa ni mwanamume mnene mwenye kitambi. Ukweli ni kwamba hatari huongezeka kwa wanawake hasa baada ya kukoma hedhi, na aghalabu wao hawaji hospitalini kulalamikia mkoromo. Hulalamikia uchovu, kukosa usingizi au kichwa, wakaambiwa wana mawazo mengi. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka wa 2015 ulionyesha kuwa karibu wanawake 4 kati ya 10 nchini Kenya walikuwa na uzani uliopita kiasi, ikilinganishwa na chini ya wanaume 2 kati ya 10. Uzani ni miongoni mwa visababishi vikuu vya apnia.

SHAHIDI AENDE HOSPITALINI

Kwa sababu mgonjwa hajioni, hatua ya kwanza ni ya anayelala naye. Simu ya mkononi inatosha. Dakika chache za sauti au video zilizorekodiwa usiku, zenye mkoromo, kimya na mshtuko, humsaidia daktari kuliko maelezo marefu. Ikiwezekana, mwenzake amsindikize mgonjwa hadi kliniki akaeleze kwa kinywa chake.

Si lazima safari ianzie kwa mtaalamu bingwa. Kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Mama Lucy Kibaki inayohudumia wakazi wengi wa Embakasi, panaweza kuwa mahali pa kupimwa shinikizo la damu, sukari, uzani na mzingo wa shingo, kisha mgonjwa akaelekezwa mbele. Shingo inayozidi sentimita 40 ni mojawapo ya alama za hatari.

Daktari pia anaweza kutumia maswali ya Epworth, yaliyotungwa 1991 na daktari Murray Johns wa Melbourne, Australia. Ni maswali manane kuhusu uwezekano wa kusinzia katika hali za kawaida, kama vile kukaa ukisoma, kutazama televisheni, au kuwa abiria garini kwa saa nzima. Kila swali lina alama sifuri hadi tatu. Anayepata zaidi ya alama 10 kati ya 24 ana usingizi wa mchana uliokithiri na anahitaji uchunguzi zaidi.

Kipimo chenyewe hufanyika mtu akiwa amelala. Hospitalini, mgonjwa hubandikwa nyaya kichwani na kifuani, mkanda ukafungwa kifuani na tumboni, na kifaa kidogo kikabanwa kidoleni ili kusoma oksijeni. Kipo pia kipimo chepesi ambacho mgonjwa huenda nacho nyumbani, akalala nacho kitandani mwake na kukirudisha asubuhi.

Vituo vinavyotoa huduma hii ni vichache na gharama si ndogo. Mwenye bima, iwe ya kibinafsi au ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, aulize mapema na kwa maandishi kile kinacholipiwa na kisicholipiwa, kipimo na mashine kando kando. Kuna waliojua jibu wakiwa tayari wameshikilia ankara.

USIKU WA KWANZA NA MASHINE

Matokeo yakithibitisha ugonjwa wa wastani au mkali, daktari aghalabu hupendekeza mashine ambayo hujulikana kwa herufi CPAP. Ni kisanduku kidogo chenye feni ndani yake, kinachosukuma hewa ya kawaida kupitia bomba hadi kwenye barakoa inayovaliwa puani, au puani na mdomoni. Msukumo huo huzuia koo lisijifunge. Si gesi, wala si dawa, wala mashine haipumui kwa niaba ya mtu.

Inasaidia kumweleza mgonjwa ukweli mapema: usiku wa kwanza huenda ukawa mgumu. Barakoa hubana, hewa huvuja machoni, pua hukauka, na wengine huhisi kama wamefunikwa uso. Wengi huivua usingizini bila kujua. Si wachache ambao, baada ya juma moja, huisukuma chini ya kitanda na kusema haikuwafaa.

Wataalamu hushauri mtu aizoee mchana kwanza. Aivae akiwa ameketi akitazama habari za saa moja, robo saa leo, nusu saa kesho, kisha aende nayo kitandani. Barakoa isiyomtosha ibadilishwe badala ya kukazwa mikanda hadi ngozi ichubuke. Pua ikikauka, kipo kifaa cha kuongeza unyevu katika hewa.

Lengo linalotumiwa na madaktari wengi ni angalau saa nne kwa usiku, katika usiku 7 kati ya kila 10. Hicho ni kiwango cha chini, kwani manufaa huongezeka kadiri saa zinavyoongezeka. Mashine nyingi za sasa huweka kumbukumbu ya saa zilizotumika, hivyo basi haina haja ya kumdanganya daktari.

Usafi nao una uzito wake. Vumbi la barabara zisizo na lami, na moshi unaovuma kutoka jaa la Dandora, huziba vichujio haraka kuliko kijitabu cha mashine kinavyodhani. Kichujio kikaguliwe kila juma, barakoa ifutwe kila siku na kuoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, bomba lioshwe na kuanikwa kivulini. Kifaa cha unyevu kisitiwe maji ya mfereji. Maji yaliyotoneshwa ndiyo yafaayo.

Bei ndiyo mwiba. Mashine hugharimu makumi ya maelfu ya shilingi, na zile zinazojirekebisha zenyewe huweza kupita laki moja. Kwa sababu hiyo wengine hutafuta zilizotumika. Wajihadhari. Juni 2021, kampuni ya Philips ya Uholanzi iliagiza mamilioni ya mashine zake zirudishwe baada ya kubainika kuwa sifongo ya ndani, iliyowekwa kupunguza kelele, inaweza kumeguka na chembe zake kuvutwa na mgonjwa. Anayenunua mashine ya mkono wa pili aulize aina, nambari na mwaka, amwonyeshe daktari kabla ya kulipa, na anunue barakoa na bomba jipya.

STIMA IKIPOTEA

Swali ambalo mkazi wa Eastlands huuliza mapema ni la umeme. Mashine ya wastani isiyopasha maji hutumia takriban wati 40. Ikiwashwa kwa saa nane kila usiku, hiyo ni karibu yuniti 10 za tokeni kwa mwezi. Kikitumika kifaa cha kupasha unyevu, matumizi huweza kuongezeka maradufu.

Jambo hili ni la maana kwa wanaoishi katika ploti ambako mwenye nyumba hutoza stima kwa mkupuo na kupiga marufuku pasi na majiko ya umeme. Mpangaji asifiche kifaa chake. Amweleze mwenye nyumba kwamba ni cha tiba, na kwamba pasi moja ya wati 1,000 hula umeme wa mashine 25 kama yake.

Na stima ikikatika usiku? Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilibaki gizani kwa saa nyingi, na mitaani umeme hupotea mara kwa mara bila kutangazwa. Mgonjwa asihofu kwamba atafia ndani ya barakoa. Barakoa zina tundu la kutolea hewa, na zile zinazofunika pua na mdomo huwa na vali inayofunguka msukumo ukikoma. Mara nyingi mtu huamka mwenyewe. Aivue, ajigeuze alale kwa ubavu, na aendelee kulala. Mwenye uwezo anaweza kununua betri iliyotengenezewa mashine hizo.

Shida ya faragha haina betri. Katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, watoto humwona baba au mama amevaa kitu kama cha rubani na kuogopa, au kucheka. Wageni huuliza. Afadhali familia ielezwe mara moja, kwa lugha nyepesi, kwamba hii ndiyo miwani ya kulalia. Sauti ya mashine ni kama ya feni ndogo, na ikilinganishwa na mkoromo wa awali, jirani wa ukutani atashukuru.

ASIYEMUDU MASHINE

Kukosa mashine si sababu ya kukata tamaa. Yapo mambo yasiyogharimu sana, na hata mwenye mashine huyahitaji.

La kwanza ni mlalo. Kwa wengi, pumzi hukatika zaidi wanapolala chali. Njia ya zamani ya kushonea mpira mdogo mgongoni mwa fulana humzuia mtu kugeuka, na kwa baadhi ya wagonjwa wa kiwango hafifu husaidia sana.

La pili ni uzani. Utafiti uliofanywa Wisconsin, Marekani, na kuchapishwa mwaka wa 2000, ulionyesha kuwa kupungua uzani kwa asilimia 10 huenda sambamba na kupungua kwa matukio ya kukatika pumzi kwa takriban asilimia 26. Kwa mtu wa kilo 100, hizo ni kilo 10. Kwa mkazi anayekula chapati na chai asubuhi, chipsi mchana na ugali usiku, kazi huanzia kwenye sahani. Aidha, Desemba 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya sindano iitwayo tirzepatide kwa watu wazima wanene wenye apnia ya wastani au kali. Bei yake ingali mbali na mifuko ya wengi.

La tatu ni vileo na vidonge. Pombe hulegeza misuli ya koo, na glasi ya mwisho kabla ya kulala humgeuza mkoromaji wa kawaida kuwa mgonjwa kwa usiku huo. Vidonge vya usingizi vinavyonunuliwa bila cheti hufanya vivyo hivyo. Kuna ukatili katika jambo hili: mchovu hutafuta kidonge ili alale, nacho kidonge humzidishia maradhi.

Miraa, muguka na vinywaji vya kuongeza nguvu huficha usingizi bila kuutibu. Anayetafuna ili akeshe kazini hujinyima hata ule usingizi mdogo ambao angeupata.

Kwa wengine, daktari wa meno anaweza kutengeneza kifaa cha kinywani kinachosogeza taya la chini mbele. Wengine hufaidika kwa upasuaji, hasa penye kizuizi kinachoonekana puani au kooni. Na yeyote mwenye ugonjwa huu anayetarajia upasuaji wa aina yoyote amwambie mapema daktari wa nusukaputi, kwa maana dawa za kulaza hulegeza koo.

Watoto nao wasisahauliwe. Mtoto anayekoroma kila usiku, anayelala mdomo wazi na kutokwa jasho, au anayekojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, huenda tezi zake za koo na za nyuma ya pua zimekua kupita kiasi. Tofauti na mtu mzima, yeye mara nyingi hasinzii mchana. Huwa mtundu, asiyetulia darasani, akaadhibiwa kwa hilo. Kwa wengi wao, kuondolewa tezi hizo huleta nafuu kubwa.

BARABARANI NA KAZINI

Hofu kubwa ya mgonjwa wa Eastlands si kifo. Ni kazi. Dereva anajiuliza: nikisema, nitapewa gari kesho? Bawabu anajiuliza iwapo kampuni itamwajiri mlinzi aliyeandikiwa na daktari kwamba husinzia.

Hofu hiyo ina msingi, lakini kunyamaza kuna bei yake. Tafiti za kimataifa zinakadiria kuwa dereva mwenye apnia isiyotibiwa ana uwezekano wa mara mbili au zaidi wa kupata ajali kuliko mwenzake. Katika matatu ya abiria 14 au basi la abiria 33, sekunde tatu za kusinzia zinatosha.

Sheria ya Trafiki hairuhusu dereva wa gari la umma au la biashara kuendesha kwa zaidi ya jumla ya saa nane katika kila saa 24. Anayefahamu jinsi siku inavyokwenda kati ya Dandora na katikati ya jiji anajua kuwa saa hizo huisha kabla ya jioni. Mwenye apnia ana sababu maradufu ya kuzihesabu. Maadamu hajaanza tiba na usingizi wa mchana haujaisha, asiendeshe. Akishatibiwa ipasavyo, hatari hushuka, na hilo ndilo jambo la kumweleza mwajiri: kwamba dereva aliyepimwa na anayetumia mashine ni salama kuliko yule anayekoroma bila kujulikana.

Kwa wafanyakazi wengine, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri amsikilize mfanyakazi kabla ya kumfuta kwa utovu wa nidhamu, utendakazi duni au kutojiweza kimwili. Mfanyakazi ana haki ya kuandamana na mwenzake au mwakilishi wa chama. Barua ya daktari ikifika mezani kabla ya barua ya onyo, mazungumzo huwa mengine. Anayeweza aombe pia kuondolewa zamu ya usiku, japo kwa miezi ya mwanzo.

Waliosema kwamba mficha maradhi kilio humfichua hawakuwa na mashine wala vipimo, lakini walijua mwenendo wa binadamu. Apnia isiyotibiwa huhusishwa na shinikizo la damu, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, kiharusi na kisukari. Uchunguzi wa 2015 uliotajwa hapo awali ulionyesha kuwa takriban mtu mzima 1 kati ya 4 nchini alikuwa na shinikizo la damu. Haijulikani kwa kila mmoja kiini ni nini, lakini swali la usingizi ni rahisi kuuliza na mara nyingi haliulizwi.

KIMYA CHA AINA NYINGINE

Tiba ikikubali, mabadiliko ya kwanza huwa madogo. Mtu huamka bila kichwa kumgonga. Hukumbuka alikoweka funguo. Hupanda matatu Buruburu na kushuka mjini akiwa macho, pengine kwa mara ya kwanza baada ya miaka kadhaa. Shinikizo la damu huweza kushuka kidogo, lakini dawa zisiachwe mpaka daktari aseme.

Apnia kwa watu wazima wengi ni ugonjwa wa kuishi nao, kama kisukari. Mashine haiponyi, hufanya kazi usiku ule tu inapovaliwa. Ndipo umuhimu wa mwenzake unaporudi, kuuliza kama barakoa imeoshwa, kumgusa bega anapoivua usingizini, kumkumbusha siku ya kliniki.

Mwenzake huyo naye ana usiku wake wa kwanza. Amezoea kulala sikio moja likiwa wazi, akihesabu kimya, akingoja pumzi irejee, akimsukuma ubavuni ikichelewa. Sasa chumba kimetulia, hakuna mkoromo wala mshtuko, na utulivu huo wenyewe humwamsha. Hunyoosha mkono gizani na kuuweka kifuani mwa mwenziwe ili ahakikishe.

Kifua kinapanda na kushuka, taratibu, bila kusita. Naye hugeuka upande wa pili, akalala.